Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Mtoto wangu halali, kwa hivyo nami silali, na hasira zangu ziko karibu. Wiki jana nilimwekea maziwa yagande. Yakakaa tu jikoni, meupe, matulivu kama ukungu wa huku kwetu Waithaka.

Nikajua Mama Wanjiru, jirani anayetuuzia, ameyatia kitu. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikabeba sufuria, nikamvaa mbele ya wateja.

"Unataka kuniulia mtoto? Haya ni maziwa ama rangi ya ukuta?"

Daktari wa mifugo alikuwa hapo akimtibu ng'ombe wa Mama Wanjiru. Akachungulia sufuria.

"Ng'ombe akidungwa antibayotiki, maziwa hayagandi. Nilimwambia ayamwage."

"Na ninayamwaga!" akasema Mama Wanjiru. "Ya kumwaga nayaweka kwanza kwa ndoo nyekundu, ya kuuza kwa nyeupe. Kila mtu hapa nimemwambia. Wewe, mama, ile asubuhi ulijichotea ukanilipa dirishani, ulichota wapi?"

Foleni nzima ikanigeukia. Nikaiona ile alfajiri: ukungu, pumzi ya mtoto shingoni, miguu yangu ikielea, nami nikiinamia ndoo nikiwaza, lo, wekundu huu ni mzuri kama ua.