Mchana Niliosema Nitarudi

Mimi ndiye niliyesema mama aletwe Kampala. Watu wa mume wangu hawalikumbuki hilo, na mume wangu mwenyewe halitaji, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama mkwe wangu alikuwa anaishi peke yake kule kaskazini, kwenye boma aliloachiwa na marehemu mumewe, na mara mbili majirani walimkuta barabarani asubuhi bila viatu, akiulizia njia ya kambi ya jeshi aliyohama miaka mingi iliyopita. Mume wangu alisita. Yeye ni polisi, anazijua zamu zake. Mimi nauza vyombo vya plastiki katika duka la jumla Kikuubo, sokoni katikati ya mji, na kutwa nzima niko huko. Aliniuliza nani atakaa naye. Nikamjibu kwamba tutapokezana, sisi ni watu wazima, hatuwezi kushindwa na mtu mmoja.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili mtaa wa Kamwokya, katika safu ya nyumba zinazotazama ua mmoja. Binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja, alipewa kazi ya kulala chumba kimoja na bibi yake. Hakulalamika. Alisema tu kwamba bibi anaongea akiwa usingizini.

Nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili kwa sababu hatuna njia nyingine. Mimi ni Mkenya, Mluhya. Mume wangu ni Mwacholi aliyezaliwa kambini, baba yake akiwa askari, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi, kimejaa amri: kaa, ngoja, leta, toka. Tulipooana nilikuwa nikimcheka. Mama naye alikijua Kiswahili hicho, kwa hiyo wiki za mwanzo tulielewana vizuri. Alinisimulia jinsi wanawake wa kambini walivyogombania bomba la maji, na jinsi yeye alivyokuwa akishinda kwa sababu alikuwa na sauti kubwa. Aliniita binti. Kisha ugonjwa wa kusahau ukazidi, na Kiswahili kikawa cha kwanza kumtoka. Leo angekosa jina la kijiko, kesho angekosa jina la mlango. Kufikia mwezi wake wa tatu kwetu alibaki na Kiacholi peke yake, na mimi sikujua Kiacholi zaidi ya salamu.

Tulianza kuishi kwa karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango, zamu za mume wangu upande mmoja na siku zangu upande mwingine. Mimi nikiingia, yeye anatoka. Tulikabidhiana mama kama walinzi wanavyokabidhiana geti. Amekula, amemeza dawa, amejisaidia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Mume wangu siku hizo alikuwa akisimamishwa lindo mjini kutwa nzima, na alirudi miguu imevimba na mdomo umefungwa. Sikumwuliza alichokiona huko. Na mimi nilirudi sauti imekauka kwa kubishana na wateja, naye hakuniuliza. Kuna mwezi mzima ambao sikumbuki tumegusana ila tulipomwinua mama pamoja kumpeleka bafuni.

Mama alitoka nje peke yake mara tatu. Mara ya tatu mwendesha bodaboda mmoja alimrudisha akiwa amemkalisha mbele yake kama mtoto. Alimkuta katikati ya barabara kubwa, magari yakimpigia honi. Tulitafuta mwanamke wa kukaa naye. Wawili walikuja na wote wawili wakaondoka, wa pili baada ya kupigwa mwiko kichwani. Ndipo mume wangu akanunua kufuli. Tukakubaliana kwamba tutamfungia zile saa chache tu ambazo hakuna mtu, na kwamba ni kwa muda, mpaka tupate msaidizi. Tulilisema hilo jambo kwa sauti ya chini ingawa hakuna aliyekuwa akitusikiliza.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, na mume wangu alikuwa na mapumziko. Asubuhi, nilipokuwa nachana nywele za binti yetu aende shule, alipigiwa simu. Askari wote walitakiwa kituoni. Alisimama mlangoni, vifungo vya shati havijafungwa, akanitazama. Nikamwambia aende, nitamlisha mama, nitafunga, na saa saba mchana nitaomba ruhusa nirudi nikae naye.

"Saa saba kweli?" akauliza.

"Saa saba. Mimi si mtoto."

Nilimnywesha mama uji, nikampeleka chooni, nikamwachia redio na kikombe cha maji juu ya kigoda. Nikafunga.

Dukani tulikuta kontena limefika. Uchochoro wote wa Kikuubo ulikuwa umezibwa na wabebaji, na tajiri wangu alisema hakuna anayetoka mpaka mzigo uingie ndani. Saa saba ilipofika nilimwambia nina mgonjwa nyumbani. Akasema subiri kidogo. Hiyo ndiyo sehemu niliyomweleza mume wangu, na ni kweli.

Sehemu ambayo sikumweleza ni hii. Saa nane tajiri alinifuata mwenyewe akasema naweza kwenda. Wakati huo mwenzangu wa dukani alikuwa ameagiza chai na katogo, ndizi na maini kwenye sahani moja, akaniita nile naye kwanza. Nikakaa juu ya furushi la mabeseni, nyuma kabisa, palipo na kivuli. Nikala. Nilipomaliza sikuinuka. Hakukuwa na mtu aliyehitaji kitu chochote kutoka kwangu pale, na nilikuwa nimesahau hali hiyo ikoje. Mwenzangu alikuwa akinisimulia harusi ya dada yake na mimi nilikuwa nikicheka. Nilikaa hapo kwa muda wa saa mbili hivi. Nilikuwa namkumbuka mama. Siwezi kusema nilimsahau. Nilijiambia amelala.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja inakaribia. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiganda, mlokole, alikuwa ameketi barazani kwake na cherehani yake. Alinisalimia kwa furaha.

"Nyabo, mzee wako leo ameomba sana," aliniambia. "Amenena kwa lugha tangu asubuhi. Mimi nilikuwa namwitikia amina."

Nilifungua kufuli. Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na kigoda, mguu mmoja umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Alikuwa amejikojolea na mkojo ulikuwa umeshakauka. Kikombe kilikuwa pale pale juu, kimejaa, asingeweza kukifikia. Alinitazama, midomo imepasuka, akasema neno moja: "Bin." Akalirudia mpaka nilipokaa chini nikampakata kichwa.

Hospitalini walisema mfupa wa nyonga umevunjika. Mume wangu alikuja na sare yake, nikamweleza habari ya kontena. Aliitikia kwa kichwa. Baadaye, tukiwa kwenye korido, nilimwuliza "bin" maana yake nini. Akataka kujua kwa nini nauliza. Nikamwambia mama alikuwa analisema, na jirani alidhani ni maombi.

"Ni njoo," akasema. "Anasema njoo."

Alienda akasimama dirishani. Sikumfuata.

Mama alikufa siku ya kumi na sita, kwa homa ya mapafu. Katika siku hizo kumi na sita mimi na mume wangu tulitendeana kwa upole kama wageni waliokutana njiani. Alininunulia viazi vya kukaanga. Nilimfulia soksi. Hakuniuliza tena habari ya saa.

Tulimpeleka kaskazini kumzika. Kabla ya mazishi wazee wa ukoo waliketi, na baba mdogo wa mume wangu akauliza mama alikuwa na nani siku aliyoanguka. Mimi nilikuwa nimekaa chini na wanawake, karibu na wifi yangu, dada pekee wa mume wangu. Nilijua swali limeulizwa kwa sababu watu walinyamaza. Mume wangu alisimama akaongea kwa Kiacholi, maneno machache. Wifi yangu alishusha pumzi, akaninong'oneza kwa Kiswahili ili na mimi nijue.

"Anasema ni yeye. Alikuwa na off, akafunga mama ndani akaenda zake."

Nilitazama mikono yangu. Ningeweza kusimama. Nilikuwa na magoti na nilikuwa na mdomo. Nilibaki nimekaa. Wazee waliamua kwamba yeye, mtoto wa kwanza wa marehemu, hatasema neno lolote kaburini, na hakusema. Alishika koleo wenzake walipomaliza.

Tuliporudi, ndani ya basi, binti yetu amelala kati yetu, nilimwuliza kwa nini. Alisema ni rahisi. "Wewe wangekufukuza. Mimi ni mtoto wao. Watakasirika, halafu watachoka."

Nilimshukuru. Nadhani hapo ndipo ndoa yetu ilipoanza kuumwa, ingawa kwa nje tulionekana tumepona. Kuanzia siku hiyo nilipoteza haki ya kumkasirikia. Akichelewa, nilinyamaza. Akimkaripia binti yetu mpaka mtoto akamjibu "ndiyo, afande" bila mzaha, nilienda jikoni. Nilimpikia malakwang, ile mboga yao chachu ya karanga, mpaka akaniomba niache. Alikuwa ananiuliza nina shida gani, nami nasema sina. Aliacha kuuliza. Tulimaliza karibu mwaka mzima hatujagombana hata mara moja, na majirani walitusifu.

Simu za kaskazini nazo zilipungua. Watu wake walifanya shughuli zao bila kumwambia, harusi na mazishi, akazisikia kwa wengine. Hawakuchoka haraka kama alivyodhani.

Kisha wifi yangu akaja kutibiwa macho, akakaa kwetu siku tatu. Hakumsalimia kaka yake isipokuwa pale ilipobidi. Siku ya tatu, Jumamosi mchana, tulikuwa uani tunaosha vyombo, mume wangu yuko kazini. Aliniambia ananihurumia. Alisema mwanaume anayeweza kumfungia mama yake kama mbuzi na kwenda kunywa, siku moja atanifanyia na mimi vivyo hivyo.

"Hakwenda kunywa," nikasema.

"Wewe unamtetea kwa sababu ni mume wako."

Nikaweka sufuria chini, nikamwambia yote. Nilimwambia kufuli niliifunga mimi. Nilimwambia saa saba, na kontena, na saa nane, na sahani ya katogo, na kicheko. Sikujua kwamba nitayasema hayo ya mwisho mpaka nilipoyasikia. Hakunikatiza. Aliosha vikombe vilivyobaki, akavifunika, akaingia ndani kufunga mfuko wake. Mume wangu aliporudi jioni alimkuta ameketi mlangoni tayari kwa safari, na waliongea Kiacholi kwa muda mrefu, wamesimama. Alipoondoka alimshika kaka yake begani. Mimi hakunitazama. Mpaka leo hajanipigia simu.

Mume wangu alingoja mpaka kesho yake, Jumapili, tuliporudi kanisani na binti yetu ameenda kwa jirani. Alivua viatu, akaketi.

"Nilibeba lawama ya kazi yako," alisema. "Kontena, tajiri aliyekukataza kutoka. Hiyo niliweza kubeba. Sikujua nimebeba mapumziko yako."

"Nilikuwa nimechoka."

"Kila mtu alikuwa amechoka. Mimi nilikuwa nimechoka. Mama alikuwa amechoka."

Nikamwambia kwamba hakuniuliza. Alisimama mbele ya ukoo mzima akaamua mimi ni nani, mke wa kufichwa, kisha akaja nyumbani akanyamaza nami nikalipa kunyamaza huko kila siku. Nilimwambia kwamba karatasi ya mlangoni ilikuwa na majina mawili na kila mara zamu yake ilipobadilishwa mimi ndiye niliyeziba pengo. Alisema ni mimi niliyetaka mama aletwe. Nikasema ndiyo, kwa sababu yeye alikuwa anaogopa kusema anamtaka. Tulipandisha sauti. Jirani alisimamisha cherehani. Alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika, na mimi nilisema mengine mabaya kuliko yake. Binti yetu alirudi, akasimama mlangoni, akatusikiliza kidogo, kisha akaondoka tena.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo tulikumbatiana. Alilala kituoni wiki nzima. Aliporudi alikuwa ameomba uhamisho, na ulikubaliwa. Sasa yuko wilaya nyingine, mwendo wa saa tano, na anakuja anapopewa siku. Wazee wake wamemwita na amekwenda, mimi sijaitwa. Alipowauliza kama anaweza kuja nami, walisema bado.

Mara ya mwisho alikaa siku mbili. Tulibishana kuhusu binti yetu: yeye anataka aende shule ya bweni, kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno kwa mtoto, mimi nasema mtoto ameshapelekwa mbali na watu vya kutosha. Hatukumaliza. Alichukua mfuko wake akaenda kupanda basi, nami nikarudi kufua. Baada ya kama nusu saa simu ikalia. Alikuwa amekaa kiti cha dirishani, basi halijaondoka, na alitaka kuniambia sababu ya tatu ya kumpeleka mtoto bweni, ambayo alikuwa ameisahau. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ina povu, nikamwambia kwa nini sababu hiyo nayo si sababu. Aliendelea. Niliendelea. Nilisikia kondakta akiwahimiza watu wakae, na injini ikiwaka, na mume wangu akisema ngoja, sijamaliza.