Nguzo Iliyovalishwa Simenti

Siku ya kwanza kazini nilifika na mfuko wa misumari, nikidhani nitasifiwa. Fundi Mkuu, mtu wa Moshi mjini aliyekuwa havui kofia yake ya kufuma hata kwenye jua kali, aliitikia shikamoo yangu, akachungulia mfuko, akaniuliza, "Hiyo ya nini?"

"Ya kazi, fundi."

"Irudishe dukani. Nyumba hii imesimama tangu babu yako hajaoa, na mifupa yake haina msumari hata mmoja."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya wageni, ya ghorofa moja, kando ya barabara inayopanda Machame. Niliipita mara elfu nikienda shule bila kuiona. Mifupa aliyoisema ni nguzo na boriti za mkulo, mti ambao sisi Wachagga tunauita mseri, unaonukia kafuri ukiukata hata baada ya miaka mingi. Mwisho wa boriti umechongwa ulimi, ulimi unaingia kwenye tundu la nguzo, kisha kigingi cha mti mgumu kinapigwa kukatisha katikati. Kati ya nguzo na nguzo wamejaza matofali ya udongo kwa chokaa. Kuta hizo hazibebi kitu. Mzigo wote wa ghorofa na paa uko kwenye mbao, na nimewaeleza watu jambo hili mpaka mate yamenikauka.

Nguzo hazikuzikwa ardhini. Kila moja ilikaa juu ya jiwe, na chini yake waliacha upenyo wa hewa, ili mvua ikilowesha mguu wa nguzo, upepo uukaushe. Kila baada ya masika tulizunguka na nyundo ya mbao tukigonga nguzo moja moja. Nzima inalia kavu. Iliyoanza kuoza inaitika kwa uzito, kama kugonga gunia la mahindi. Tulipaka mafuta ya kitani, hatukupaka rangi. Fundi Mkuu alikuwa akisema, "Mti usiouona huwezi kuutibu." Alistaafu, akaniachia nyundo yake na cheo chake.

Hapo ndipo akaja Meneja. Simchukii, ila alinichosha. Alikuwa kijana wa hukuhuku mlimani, na kosa lake ni letu sote. Huku kwetu nyumba ya mbao ni ya kuanzia maisha. Mtu anakaa humo huku anafyatua tofali, na siku akihamia kwenye ya tofali, ile ya mbao anampa ng'ombe. Hata mimi nilifanya hivyo, na mke wangu alinitania kwamba ng'ombe wangu analala pazuri kuliko wageni wa kazini kwangu. Basi Meneja aliona aibu. Desemba ilikaribia, watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi kutoka kila pembe ya nchi, kila ukuta mlimani unapakwa rangi, na yeye ana nyumba inayoonyesha mbao zake barabarani.

"Mzee Aikaeli," aliniambia, "tufunike hizi nguzo za mbele. Lipu ya simenti, chini tuweke marumaru. Watu wanatuona washamba."

"Ukifunika mguu wa nguzo, maji yataingia yasitoke. Itaoza."

"Simenti inaoza, mzee wangu?"

Nilimweleza tena, polepole. Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake akanituma mjini kutafuta bawaba, na niliporudi alasiri, nguzo ya pembeni ilikuwa imevalishwa simenti mpaka kiunoni, marumaru meupe yanang'aa. Nilikwenda kuchukua sururu. Nilitaka kuivunja palepale.

"Baada ya Krismasi," akasema Meneja.

Baada ya Krismasi ikawa baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, ikawa wageni wengi, ikawa tusubiri kiangazi. Niligonga juu ya ile simenti na nyundo ikaniambia habari za simenti tu. Miaka ikaenda.

Kisha mlango wa mbele ukaanza kukwama. Nilishusha timazi pembeni ya ile nguzo ya simenti, nikaona nguzo imeinama na kushuka, nayo inaivuta fremu ya mlango. Nikamwambia Meneja. Akajibu, "Mzee, si upige randa tu? Wageni wako nje."

Nikapiga randa. Mlango ukafunga vizuri, wageni wakaingia, kila mtu akashukuru. Masika yaliyofuata ukakwama tena, nikaupunguza tena. Mara ya tatu nilikuta nimekula mbao kiasi kwamba kitasa hakina pa kukaa, nikakisogeza, nikaenda kunywa chai.

Mwaka wangu wa mwisho mwenye nyumba alileta mhandisi, binti mpole. Alizunguka nyumba yote. Akasimama kwenye ule mlango, akapitisha kidole kwenye ukingo wake uliopinda.

"Shikamoo, baba. Nani alikuwa anaupiga randa?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Walipobomoa ile simenti, mguu wa nguzo ulimwagika kama pumba zilizolowa, na boriti ya juu ilikuwa imechomoka karibu nusu ya ulimi wake. Vyumba vinne vya mbele vilibomolewa kabla havijamwangukia mtu. Siku hizi hapo pana zege, limepakwa rangi ya kahawia ili lifanane na mti.

Kwenye sherehe ya kuniaga, Meneja alisimama akasema mimi ndiye niliyeitunza nyumba ile. Watu wakapiga makofi. Nilikasirika, na mpaka leo vijana wakija kuniuliza habari za kazi, natarajiwa nimlaumu yeye na simenti yake. Namlaumu, sana tu. Lakini yeye hakujua mti, mimi nilijua. Ningekataa kuupiga randa mlango ule mara ya kwanza, ungebaki umekwama, wageni wangepiga kelele barabarani, na ingewalazimu watafute sababu wakati nguzo bado inatibika. Nyumba ilikuwa inaomba msaada kwa njia pekee iliyobaki, na mimi, fundi wake, ndiye niliyeinyamazisha.