Mbwa Mzee wa Wifi Yangu Dobi

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ni dobi. Alianza na beseni moja la kuazima, mwanawe wa pekee akiwa mgongoni, na mwana huyo leo ana upara. Miaka yote hiyo hakupoteza hata soksi ya mtu. Basi mashuka matatu ya nyumba ya wageni yalipoibwa kambani mchana kweupe, mwana akapata la kusema.

"Mama, njoo ukae kwangu. Au fuga mbwa, lakini kikipotea kitu tena, unafunga kazi."

"Nitafuga mbwa."

Kesho yake mwana akaleta mtoto wa mbwa, mnene kama mto wa kulalia. Hatujamaliza chai, alishaangusha taulo mbili na kuzikojolea.

"Atajifunza, Mama. Mpe mwaka mmoja."

"Na mwizi naye atanipa mwaka?" Wifi alishaziloweka upya zile taulo. "Nilikulea wewe, nikamaliza kulea. Mrudishe."

Akaenda mwenyewe kwenye ghala la mbao lililokuwa linafungwa kabisa, akarudi na mbwa wa pale: mzee, mdomo umejaa mvi, mguu mmoja anauburuta. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Wifi, huyu umemleta alinde au umuuguze?"

"Wewe una miaka sabini na mbili na mdomo wako bado unauma. Ng'ombe hazeeki maini."

"Mama, hana hata meno," mwana akasema.

"Sikumwajiri atafune."

Wiki nzima mbwa alilala chini ya kamba. Watu wakaingia uani kuleta nguo, wakatoka; hakuinua hata sikio. Nikaanza kumwonea wifi huruma, ingawa sikumwambia, maana angenifukuza.

Jumamosi mwana akaja kumwonyesha mama yake kwamba mbwa hafai. Akapita mlango wa uani kimya kimya, akamruka mbwa, akaanua shati, akageuka aondoke. Mbwa alikuwa amesimama mlangoni. Hakubweka. Aliikamata suruali yake kwa meno manne aliyobakiwa nayo, akatulia. Mwana naye akatulia.

"Mama, mwite mbwa wako."

"Subiri, napiga pasi kola."

Wifi akamaliza kola, akahamia kwenye mikono, bila haraka. Baadaye mlinzi wa lile ghala ndiye aliyetueleza: pale kuingia ilikuwa ruhusa kwa kila mtu, mwenye kesi ni anayetoka na ubao. Ukiwa mikono mitupu, mbwa yule hana habari nawe.

Mwana akalianika shati mahali pake, na vibanio vyake vyote viwili. Mbwa akamwachia.

"Huyu naye si atakufa karibuni?" akauliza, akijipangusa mate kwenye suruali.

"Akifa nitaleta mzee mwingine. Na kile chumba mlichoniandalia, mwambie mkeo apangishe."