Mkalimani Anayeshika Spana Kwanza

Saa moja asubuhi, mlango wa gereji ya chuo umefunguliwa nusu, na mkalimani wa lugha ya alama amepiga magoti kando ya gari akipapasa nati. Viganja vyake vimejaa oili.

"Siwezi kutafsiri kitu ambacho sijakishika," anasema bila kuinua kichwa. "Nitawapa wanafunzi hewa."

Wanafunzi wake ni viziwi. Mwalimu hufundisha kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kina kijineno chenye maana tele, kisichoisha kazi: *pick up*. Mtazame dada huyu akikifuata kijineno hicho, utabaki mdomo wazi. Mwalimu akitaka spana iokotwe, vidole vya dada vinainama na kuinuka. Simu ikipokelewa, mkono unakwenda sikioni. Mteja akija kuchukua gari, ngumi mbili zinashika usukani na kuondoka. Injini ikichanganya, yaani ikishika kasi, viganja vinapanda kifuani kwa kasi, na hata asiyejua alama anahisi gari likivuta.

Alijifunzia wapi?

"Kwa huyo hapo," anasema, akimwonyesha mdogo wake wa kiume, baba wa watoto wawili, anayejifunga aproni. Utotoni shule zilimkataa kwa kuwa ni kiziwi, wakabaki wawili uani wakibuni alama zao. "Niliokota kwake moja moja, kama watoto wanavyookota maneno jikoni."

Leo mdogo mtu ana mtihani. Akianguka, anarudi kuosha magari.

Mtahini anawasha injini, anauliza kama inachanganya vizuri. Dada anatafsiri hilo tu, kisha anafunga mikono nyuma asije akamsaidia. Damu nzito kuliko maji, lakini kazi ni kazi.

Mdogo wake analaza kiganja juu ya boneti na kufumba macho. Anakaa hivyo kitambo. Kisha anaashiria, na dada anamtafsiria mtahini: silinda moja haichomi, ile ya mwisho.

Mtahini anachomoa plagi yake. Nyeusi tititi kwa masizi; amepatia.

Dada anafuta machozi kwa kiwiko, maana viganja havifai.

Sasa anapanga kuwafundisha alama mafundi wa hapa, akianza na mwalimu mwenyewe.

"Nimekuwa sauti yake tangu tukiwa wadogo," anasema. "Nataka mtu mwingine asimame hapa, mimi nikae pale na mdogo wangu tupige soga. Mwaka mzima tunaongea injini tu. Hata sijamuuliza anaendeleaje."

Mdogo wake, aliyekuwa akimtazama midomo, anasogea kwenye benchi na kumwachia nafasi.