Mwanamke Aliyejua Blogu Yetu Imeingiliwa

Kabla hujaniambia nilikuwa na usingizi, au kwamba baridi ya Ubelgiji ilinipanda kichwani, nikuambie kabisa: ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, nimekula nimeshiba, na akili zangu zote ninazo. Pombe sinywi. Na watu wanaosimulia mambo ya majini nilikuwa nawacheka mbele ya macho yao.

Mimi na shoga yangu Saada tulikuwa na blogu. Si ukurasa wa kuazima kwa watu, hata! Ya kwetu wenyewe, kwenye seva tuliyokodi kwa jina letu. Mtanzania akifiwa hapa Brussels, akijifungua, akitafuta chumba Etterbeek, alifungua blogu yetu kwanza. Miaka ile nilikuwa nasafisha ofisi kule Schuman, kwenye majengo ya Umoja wa Ulaya, alfajiri, na Watanzania wenye suti niliopishana nao kwenye ngazi walikuwa wasomaji wangu. Walikuwa hawajui. Mimi najua, nacheka kimoyomoyo.

Saada alikuwa mwandishi. Aliandika maisha ya bibi yake kule Pangani, moja kwa moja kwenye blogu, hata karatasi hana. Mimi nilikuwa ulinzi. Nilijifundisha mwenyewe, sikufundishwa na mtu, kufunga plagini, yale maprogramu madogo ya kuongezea: moja inawafungia nje wanaokosea paswedi mara nyingi, nyingine inakagua kama mafaili yamechezewa, nyingine inatunza nakala. Saada akanibandika jina, Mama Kufuli. Hakuna mwingine duniani aliyeniita hivyo, niamini.

Saada akafariki, ghafla, kwa moyo. Akaacha binti mmoja, Nasra, wa miaka kumi na tisa, na zile hadithi.

Akaunti yake sikuigusa. Ukitaka kumfuta mtu kwenye blogu unaulizwa: maandishi yake yafutwe, au apewe mwingine? Sasa mimi nimpokonye marehemu maneno yake, niyaandike jina langu? Siwezi. Nikaacha kila kitu kama alivyokiacha, na yeye bado msimamizi mkuu mwenye funguo zote. Nikajiona nimemheshimu.

Basi Jumamosi hiyo niko kwenye duka la mashine za kufulia, peke yangu, nguo zinazunguka. Mwanamke akakaa kiti cha pembeni. Mlango sikuusikia. Sura simjui: mtu mzima, mwembamba, kanga mbili na ndala, na nje theluji! Nikamwamkia, shikamoo mama. Alikuwa anatazama nguo zangu.

"Mama Kufuli," akasema, "wananigongea mno. Barua ya leo ni ya arobaini na moja. Na leo wameingia."

Nikamuuliza ni nani hao, wameingia wapi.

"Barua zote unaniletea mimi. Mimi huku nilipo nitazifanyia nini?"

Sauti haikuwa ya Saada. Ningekuwa natunga, si ningekuambia ilikuwa yake? Nikainama kuokota kapu langu, nikainua kichwa, kiti kitupu. Kwenye sakafu kulikuwa na matope ya viatu vyangu tu.

Nguo niliziacha humo humo zinazunguka. Nilikimbia, na umbo langu hili, mpaka nyumbani. Nikafungua kompyuta. Wasimamizi tulipaswa kuwa wawili, mimi na Saada. Walikuwa watatu. Huyo wa tatu aliingizwa asubuhi ile ile, kupitia akaunti ya Saada. Na ndani ya hadithi ya bibi wa Pangani, jamani, walishachomeka matangazo ya vidonge vya nguvu za kiume. Nililia kwa hasira.

Nikampigia Nasra, akaja mbio kutoka Berchem. Nilipomwambia kuhusu barua, akafungua sanduku la barua pepe la mama yake. Hapo ndipo nilipoelewa. Blogu aliifungua Saada, kwa hiyo kila tahadhari ya plagini zangu ilikwenda kwenye anwani yake. Mtu anajaribu paswedi: barua kwa Saada. Nakala zimekwama, mpya hazitunzwi na za zamani zinajifuta: barua kwa Saada. Tangu azikwe ziliingia arobaini na moja. Na zote zilikuwa zimeshafunguliwa. Nasra aliapa hajaligusa sanduku lile tangu msibani, na mimi namwamini.

Tukaanza kazi. Hadithi zote tukazishusha kwenye kompyuta ya Nasra kwanza, mpaka ya mwisho, maana nakala nyingine haikuwepo popote. Kisha nikamtimua yule wa tatu, nikabadilisha paswedi zote, nikafyeka vidonge vyao mstari kwa mstari. Halafu nikamshusha Saada cheo, kutoka msimamizi mpaka mwandishi tu. "Nisamehe, shoga," nikasema. Maneno yake yakabaki kwa jina lake, na tahadhari zikawa zinakuja kwangu.

Tangu siku ile hajaingia mtu. Blogu za vyama vikubwa vikubwa zimeanguka hapa mjini, yetu imesimama, na nasema kifua mbele! Nasra anamsomea mwanawe hadithi za Pangani kutoka humo humo. Lakini duka lile la kufulia sijarudi. Nilinunua mashine yangu, na kila asubuhi nasoma tahadhari kabla ya chai.

Nawe mwenye blogu, unayejisifu umefunga kila kengele, nenda leo hii ukaangalie zinalia kwa nani. Mimi nilikuwa natamba mji mzima kwamba ndimi mlinzi, na kumbe zamu alikuwa anashika Saada, kaburini, miezi yote ile.