Kondoo Waliogomea Mfereji

Uulkan alikodi shamba la Turat mwanzoni mwa majira ya kuchipua, theluji ikiwa bado imeng'ang'ania kwenye vivuli vya milima, na sisi wote wa kijiji cha Kok-Sai tukasema mama huyu karukwa na akili. Mjane, umri umekwenda, maisha yake yote alikuwa mpishi wa shule, leo hii anataka kuwa mfugaji! Tena kachagua shamba ambalo halijaguswa na jembe tangu mwenyewe ahamie mjini. Wengine tuliyasema hayo mbele yake, wengine nyuma yake, na Omurzak aliyasema mbele na nyuma.

Huyu Omurzak alikuwa binamu ya marehemu mume wa Uulkan, na maharage yake yalipakana na shamba hilo. Siku alipomwona shemeji yake akiswaga kundi lake jipya kupita mlangoni kwake, alitoka na bakuli la chai mkononi asipitwe na uhondo.

"Shemeji, hawa ni kondoo au mabibi wa kondoo? Mtazame huyu, hata meno hana. Atatafuna na nini?"

"Atatafuna hivyo hivyo. Mbona wewe unatafuna?"

Omurzak akafunga mdomo, maana meno yake ya mbele ni ya kuchongewa mjini. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Lakini tuseme ukweli, kondoo walikuwa wazee. Uulkan aliwanunua nyumba kwa nyumba hapa hapa kijijini, wale ambao kila mtu alitaka kuwaondoa zizini. Kondoo mzee ni rahisi kumpata, na ukimpa majani mazuri ananyonyesha kuliko kijana. Hesabu yake ilikuwa kwamba majira ya joto mama hao wale washibe, wana wao wanenepe, na wanunuzi wakija vuli wawakute kondoo wenye mikia minene ya mafuta. Akishauza, atakodi tena mwaka ujao.

Na asipouza? Hapo ndipo penye shughuli. Binti yake, Nurzat, alikuwa Moscow, na kila Ijumaa simu ilikuwa ile ile.

"Mama, njoo huku. Utakaa na wajukuu, nyumba ina joto, utapumzika."

Uulkan alishawahi kwenda, msimu mmoja wa baridi. Alichokiona ni kuta, lifti, na watu wasiosalimiana ndani ya lifti.

"Nikija huko, nani atamsalimia baba yako kaburini kule kilimani?"

"Mama jamani. Baba hakusikii."

Neno hilo lilimchoma. Lakini mtoto alikuwa na wasiwasi naye, wala si ubaya. Mwishowe wakakubaliana: Uulkan apewe msimu mmoja. Kundi likisimama, atabaki Kok-Sai. Likianguka, atauza kila kitu na kupanda ndege kabla ya baridi. Tangu siku hiyo alikuwa akiamka asubuhi moyo ukimdunda kama mwanafunzi wa siku ya mtihani.

Shamba lenyewe lilikatwa katikati na mfereji wa maji. Nusu ya huku ilikuwa mawe matupu, nyasi fupi za kukata tamaa. Nusu ya ng'ambo, loo! Majani ya malisho yaliyopandwa na baba yake Turat, yenye maua ya waridi, yanamfika mtu pajani, na yalikuwa yakijiotea yenyewe kila mwaka bila kuombwa. Turat alikuwa amemwambia wazi: "Mama, nakupa mpaka wakati wa kukata nyasi. Nikikuta ng'ambo imelala bure, nampa Omurzak alime maharage." Wakafungua viganja, wakaomba dua, wakapangusa nyuso. Kwetu hapo mambo yamekwisha.

Basi Uulkan akawapeleka kondoo shambani. Wakala vinyasi vya kwenye mawe ya huku mpaka wakafika kwenye mfereji. Wakasimama. Mfereji wenyewe mtoto anauruka, na kuna mbao mbili zimelazwa za kuvukia. Akawaswaga. Kundi likagawanyika mbele ya mfereji, nusu kulia, nusu kushoto, likamzunguka na kurudi mbio lilikotoka. Akawaswaga tena, wakarudi tena. Kesho yake vile vile. Wiki nzima, hadithi ni hiyo moja, na ng'ambo maua yanatikisika kwa upepo kama yanawacheka.

Mwingine angeshika fimbo. Uulkan si wa fimbo. Huyu ni mtu ambaye alipokuwa mpishi wa shule, uji ukiungua upande mmoja wa sufuria, analala chini ya jiko kutazama moto unakwendaje. Basi akaanza kuchunguza. Alikunywa maji ya mfereji kwa kiganja kuona kama yana ladha mbaya. Akavuka, akachuma majani, akayatafuna.

"Shemeji!" Omurzak alipaza sauti kutoka kwenye maharage yake. "Nikuletee chumvi?"

"Lete! Nawe njoo ule, labda utapata akili!"

Kumbe alikuwa ameshafikiria chumvi kweli. Aliweka jiwe la chumvi ng'ambo, akasimama pembeni yake akawaita. Kondoo wakaja mpaka ukingoni, pua zinacheza, mate yanawatoka kwa hamu. Wakainua vichwa wakamtazama. Wakageuka wakaondoka. Akazipaka mbao matope, labda wanaogopa mlio wa kwato. Wapi! Wanawake wa kijijini wakasema pale pana shetani wa majini. Uulkan akasema shetani gani huyo anayewaachia punda wa Omurzak wavuke kila siku.

Kitu kingine kilimshangaza zaidi. Jioni zizini, kondoo hao hao walikuwa wakimnusa mikono na kumsukuma kwa vichwa kama watoto wanaodai maandazi. Mchana malishoni walikuwa wakimkwepa. Akisogea, wanasogea. Alikaa juu ya jiwe akawaza: hawa wana nini na mimi? Jana usiku tu nimewalisha!

Sasa hapa lazima niseme habari ya koti.

Kwetu mtu akifa, nguo zake hazibaki ndani. Wanapewa waliomwosha maiti, na ndugu wa karibu, mpaka soksi. Mume wa Uulkan alipofariki, msimu wa baridi kabla ya ule uliopita, kila kitu kiligawiwa kama ada inavyotaka, isipokuwa koti lake refu la turubai, lile la kufika kwenye vifundo, lenye kiraka cheupe mgongoni. Kiraka hicho Uulkan alikishona mwenyewe kwa mfuko wa unga. Koti hilo, alisema, limepotea. Tukaitikia, limepotea, maskini. Nani angebishana na mjane? Kumbe liko sandukuni, na alikuwa akilifungua na kunusa tumbaku ya mumewe. Alipokodi shamba ndipo akalitoa, akalivaa waziwazi, likimburuta miguuni. Asubuhi zetu zina baridi ya kukata masikio, na alisema mwenyewe kwamba ndani ya koti lile hakujiona yuko peke yake malishoni. Sote tuliona. Omurzak, ambaye alimwosha marehemu kwa mikono yake, na ambaye kwa haki koti lilikuwa lake, aliona pia. Ni jambo pekee ambalo Omurzak hakulifanyia utani.

Wakati wa kukata nyasi ukakaribia. Turat akapiga simu kwamba atakuja wiki ijayo. Kondoo walikuwa wamekonda hata haya unaona kuwatazama, maziwa yamewakauka. Uulkan alianza kuuliza bei ya sanduku la safari. Mwenye duka alimpunguzia bila kuombwa, na yeye akatoka nje akalia nyuma ya duka, alipodhani hatumwoni.

Siku mbili tatu baadaye, kondoo mmoja mzee, yule yule asiye na meno, aliteleza akanasa kwenye matope ya mfereji. Akalia kilio cha kufa. Uulkan akavua koti, akalitupa nyuma ya kichaka lisilowe, akaingia majini mpaka kiunoni. Alisukuma, alivuta, alimtukana kondoo na ukoo wake wote, na kwa kuwa ukingo wa ng'ambo ndio uliokuwa na mteremko mdogo, akamtolea huko. Kondoo akajikung'uta, akalia mara moja, akaanza kula.

Uulkan akakaa chini kuvuta pumzi. Alipogeuza shingo, kundi zima lilikuwa linavuka. Wengine kwenye mbao, wengine wakiruka, wana wao wakiwafuata matakoni. Wakampita kana kwamba hayupo, wakazama ndani ya maua mpaka ikabaki migongo.

Hakupiga kelele za furaha. Aliwatazama mmoja mmoja, kwa sababu alitaka kujua kwa nini. Baridi ya maji ikaanza kumtetemesha. Akavuka, akachukua koti, akalivaa, turubai likatoa ule mlio wake, kwaru kwaru. Vichwa vyote vikainuka. Kundi likatoka ndani ya maua mbio, likaruka mfereji, likarudi kwenye mawe.

Akavua koti, akalificha. Akangoja. Kondoo wakavuka.

Akalivaa. Wakarudi mbio.

"Ee Mungu wangu," akasema Uulkan.

Alikwenda moja kwa moja kwenye maharage, nguo zinachuruzika maji, koti amelikumbatia kifuani.

"Shemeji, Baba Nurzat alipokuwa analinda haya majani ya wenyewe, alikuwa akisimama wapi?"

Wake zetu hawatamki majina ya waume zao, na Uulkan hakuwahi kumwita mumewe Dootaly hata siku moja. Kwake alikuwa Baba Nurzat, mpaka kaburini.

Omurzak alinyanyua mgongo. "Hujui? Si pale kwenye mbao? Kondoo wa kijiji kizima wakija, yeye anasimama pale, anashika pindo za koti, anazitikisa hivi." Akatanua mikono, akapigapiga hewa. "Walimwogopa kuliko mbwa mwitu. Hakuwahi kumrushia kondoo jiwe, marehemu. Ilikuwa koti tu."

Miaka yote hiyo Uulkan alikuwa jikoni shuleni. Alijua mumewe ni mlinzi wa malisho, alimfungia mkate kila asubuhi, lakini hakuwahi kwenda kumwona akiwa kazini. Na kondoo aliowanunua ndio wale wale wazee waliofukuzwa pale tangu wakiwa wana. Zizini jioni alikuwa analitundika koti mlangoni, ndiyo maana huko walimpenda.

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akaishiwa nguvu akakaa katikati ya mistari ya maharage, na Omurzak naye akacheka, kisha Omurzak akaona kwamba shemeji yake hacheki tena, analia.

"Nimelivaa ili anisaidie," alisema. "Kumbe alikuwa ananifukuzia kondoo."

"Alikuwa anafanya kazi yake," alisema Omurzak.

Angeweza kulirudisha sandukuni, na hakuna ambaye angemlaumu. Kwa siku kadhaa alifanya hivyo. Kondoo wakavuka kila asubuhi, wakashiba, maziwa yakarudi. Lakini kila alipopita karibu na sanduku alijisikia vibaya. Mtu aliyeosha maiti ya mumewe kwa maji ya moto katika baridi ile alinyimwa haki yake, na hakuwahi kufungua mdomo. Aliona haya, na pia alijua kwamba akiendelea kulinusa lile koti, siku moja ule moshi wa tumbaku utakwisha, na atabaki na turubai.

Basi akakaanga maandazi, akachukua koti, akaenda kwa Omurzak mchana kweupe, njia nzima tukimtazama.

"Lilikuwa limepotea," alimwambia. "Limeonekana."

Omurzak alilipokea kwa mikono miwili. Akakitazama kiraka.  Wakafungua viganja, wakamwombea marehemu, wakapangusa nyuso, na Omurzak alizidi kupangusa wake kwa muda.

Turat alipokuja, alikuta nusu ya ng'ambo imeliwa vizuri na kondoo wamejaa. Lakini alikuwa mtu wa kujali majirani, akamuuliza Omurzak kama haogopi kundi lile kando ya maharage yake. Nasi tulijua Omurzak anavyolitamani shamba hilo.

"Niogope nini?" alisema Omurzak. "Mimi nina koti. Mwachie mama shamba lake."

Na kweli, vuli ilipofika na maharage yakakauka kwenye mashina, kondoo walipochoka majani wakajaribu kupeleka pua upande wa pili, Omurzak alikuwa akisimama mpakani na koti limemfika vifundoni, anatikisa pindo mara moja tu, nao wanarudi kwa Uulkan kwa adabu zote. Wanunuzi walikuja, wakabonyeza mikia, wakalipa. Ijumaa hiyo Uulkan ndiye aliyepiga simu Moscow.

"Siji, mwanangu. Nileteeni wajukuu kiangazi, wapate rangi."

Nilikuwapo siku ile ya mwisho ya kuvuna maharage. Uulkan alikuwa ameweka birika kwenye moto mdogo kando ya mfereji, kondoo wamelala. Alipoinua macho, jua likiwa usoni mwake, aliona ule mgongo mrefu umesimama kwenye maharage, kiraka cheupe katikati. Sauti ikamtoka kabla hajafikiri, ile sauti ya kila siku ya mke anayemwita mumewe.

"Baba Nurzat! Chai imeiva!"

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Mgongo ule ulitulia kidogo. Kisha Omurzak akageuka, akaja taratibu kupitia mistari ya maharage, akavuka mbao, akakaa chini. Alipokea bakuli lake, akanywa mpaka mwisho, akalinyoosha aongezewe.