Mama Kiwiko na sala iliyokosea njia

Jua halijachomoza, na mikono ya Mama Kiwiko imezama kwenye beseni la unga. Anasukuma, anakunja, anageuza, anasukuma tena kwa uzito wa mwili mzima. Vibati vya mikate vimepangwa mezani, vimeshapakwa mafuta. Simu yake haionekani popote.

"Iko jela," anasema wifi yake, anayewasha tanuri, huku akionyesha kwa kidevu kopo lenye mfuniko juu ya rafu. "Inatoka unga ukishaumuka."

Wanacheka wote wawili. Ukiwaona wanavyocheka huwezi kudhani kwamba wiki chache zilizopita chumba hiki kilikaribia kufungwa.

Mama Kiwiko ni mwokaji mikate, mama wa watoto watatu na mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa lake. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa mzima, kwa siku moja, naye amelikubali. "Kuna waliotaka kunipa mabaya zaidi," anasema.

Yote yalianzia kwenye mtaro. Mvua ikinyesha, maji machafu yalikuwa yanaingia ndani mpaka chini ya meza yake ya kukandia. Kampeni za udiwani zilipoanza, mgombea mmoja akaja na koleo, akavua viatu na kuzibua mtaro pamoja na vibarua. Mama Kiwiko akaandika kwenye kundi la simu la mtaa: "Huyu nimemwona kwa macho yangu ameshika koleo. Kura yangu anayo."

"Nilidhani nimesema neno dogo tu," anakumbuka. "Kumbe nimemwaga petroli jikoni."

Kabla ya mchana alikuwa ameshaitwa kibaraka, mnafiki, mlokole wa kununuliwa. Mtu akabandika sura yake kwenye picha ya punda aliyevishwa bendera ya chama. Aliyewasha moto zaidi ni mmoja aliyejiita Kamanda, mwenye picha ya simba badala ya sura. Yeye ndiye aliyeandika kwamba lile tanuri jipya la Mama Kiwiko ni zawadi ya mgombea. Kisha akamalizia: "Anayekula mkate wa kibaraka, naye kibaraka."

Tanuri lenyewe alikuwa amelilipia kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Aliandika hivyo mara moja, kwa upole, na kuweka picha ya risiti. Walimjibu kwa vikaragosi vya kucheka.

Watu wakaanza kukwepa dirisha lake. Duka la kona, lililokuwa likichukua trei nne kila asubuhi, likachukua mbili, halafu moja, halafu mwenye duka akasema hataki ugomvi na wateja wake. Mume wake, ambaye ni fundi bomba, akaanza kuzungumzia kuuza tanuri.

"Mikate iliniuma, lakini hilo ningelivumilia," anasema. "Siku binti yangu aliporudi shuleni akaniuliza, 'Mama, kibaraka ni mnyama gani?' ndipo nilipoingia chooni nikalia."

Wifi yake alikuwa na dawa nyingine. "Nilimwambia, wifi, nipe hiyo simu nimjibu mimi. Sitatukana sana. Nitatukana kiasi."

Kanisani nako hakukukosekana wa kumnong'oneza kwamba Mkristo hajiingizi kwenye siasa. "Nikawauliza, maji ya mtaro yanapoingia ndani, yanabisha hodi kuuliza nani Mkristo?"

Lakini anakiri kwamba hasira ilimpata. Alikuwa anakanda huku simu iko pembeni, anasoma tusi, anasukuma unga kama anamsukuma mtu. Akawa hasubiri uumuke. Anatupa vibatini, anatupa tanurini, anarudi kwenye simu. Mikate ikatoka migumu, imelala chini kama kandambili. Kamanda akapata la kuandika: "Hata hamira imemkimbia."

"Hapo nilicheka peke yangu, maana lilikuwa kweli," anasema. "Nikaona huyu mtu ameshaingia mpaka kwenye unga wangu. Mkate mimi ndiye ninayeuoka, lakini anayeuharibu ni yeye."

Ndipo simu ilipohukumiwa kwenda kwenye kopo. Akajiwekea utaratibu: ujumbe wa matusi hausomwi unga ukiwa mikononi, wala haujibiwi kabla unga haujaumuka. Mengi aliyotaka kusema, unga ulipomaliza kuumuka, hayakuwa na maana tena. Na kwa kuwa Bwana wake aliagiza kuwaombea wanaotuudhi, akaanza kumwombea Kamanda wakati wa kukanda. "Hakusema niombe nikiwa nimeshapoa," anaeleza. "Kwa hiyo nilikuwa naomba nikiwa na moto wangu hivyo hivyo."

Kwa kawaida maombi yake ya asubuhi humrekodia dada mmoja wa kwayani, anayeombeana naye. Kwa dakika hizo chache tu simu hutolewa jela, na kwa sababu vidole vina unga, hubonyeza kwa kiwiko. Asubuhi moja, kiwiko kikiwa kinashuka, tusi jipya likaingia na kundi la mtaa likapanda kwenye orodha, pale lilipokuwa jina la dada yule. Kiwiko kikatua hapo. Mtaa mzima ukasikia hivi:

"Bwana, kabla ya lingine lolote, huyu Kamanda. Unajua nilichomwandikia jana, maana ulikuwepo nikikifuta. Nilitaka kumtwanga na mti wa kusukumia. Nisaidie. Mbariki. Mimi simjui sura, wewe unamjua. Kama ana mama, mtunze mama yake. Kama hana kazi, mpe kazi, Bwana, tena kazi ya mikono yote miwili, asipate wa kushikia simu. Na bando lake, Baba, likate leo tu. Leo tu, nipumzike. Amina. Dada, na wewe niombee, unga umenishinda."

"Wifi! Umemtumia nani?" wifi yake alipiga kelele, simu yake mwenyewe ikiwa mkononi. Mama Kiwiko akarukia kufuta, akaishia kupaka kioo unga. Alipomaliza kunawa, mtu wa kwanza alikuwa ameshaandika: "Amina." Wa pili: "Na mimi niombewe hiyo kazi ya mikono miwili." Wa tatu: "Kamanda, upo? Au bando limekatika?"

Kamanda hakujibu. Siku nzima kimya. Kundi likacheka mpaka jioni, na wifi alipoeleza kwamba kosa ni la kiwiko, jina likazaliwa hapo.

Kesho yake mwanamume mrefu mwenye madoa ya rangi kwenye viatu alisimama dirishani, kofia imeshuka mpaka puani. Akaomba mkate mmoja. Akalipa. Hakuondoka.

"Kuna kingine, kaka?" wifi akamuuliza.

"Mimi ndiye niliyekatikiwa bando," akasema.

Kamanda ni fundi wa kupaka rangi nyumba. Bando lake kweli lilikuwa limekwisha asubuhi ile, na sala aliisikia kwenye simu ya mwenzake wakiwa juu ya jukwaa la kazi. "Wenzangu walicheka mpaka nikaogopa wataanguka," anasimulia leo, akitafuna. "Mimi nilishindwa kucheka. Kwenye maandishi huyu mama alikuwa kibaraka tu. Nilipomsikia anahema, akawa mtu. Halafu akamwombea mama yangu. Mama yangu miguu inamsumbua, hakuna niliyemwambia. Siku ile ukuta mmoja niliupaka mara tatu bila kujua."

Akaomba msamaha pale pale. Mama Kiwiko akampa, na hakuishia hapo.

"Nilimwambia, mdogo wangu, mimi nimekusamehe hapa dirishani. Lakini ule uongo wa tanuri uliusema mbele ya watu. Nenda ukaufute mbele ya watu."

Alikwenda. Aliandika mistari miwili, akaweka na sura yake badala ya simba. Wiki iliyofuata duka la kona likarudia trei zake nne, na mume hajagusia tena habari ya kuuza tanuri.

Kuhusu siasa, hakuna aliyehama. "Mgombea wake hafai hata kupewa toroli," anasema Kamanda.

"Wa kwako koleo analijua kwa picha," anajibu Mama Kiwiko bila kuinua macho.

"Dada, mtaro mmoja huo!"

"Na ungekuwa bado umeziba, ungepita wapi kuja kula hapa?"

Wanabishana hivyo karibu kila asubuhi, na wapita njia wamezoea kusimama. Ndiyo maana sasa kuna benchi nje, limetengenezwa kwa mbao za jukwaa na Kamanda amelipaka rangi ya kijani, isiyo ya chama chochote. Mwenye hoja anakuja kuisema hapa, ana kwa ana. Wale wanaodai sala nyingine kwenye kundi Mama Kiwiko huwakatalia: ile ilikuwa ya Mungu, wao waliisikia kwa bahati tu.

Uchaguzi umekaribia. Mpango wake ni kuoka mara mbili siku ya matokeo na kuacha mlango wazi.

"Siku hiyo mmoja wetu atalia," anasema, akifunika beseni kwa kitambaa chenye unyevu. "Nataka alie hapa, penye mkate wa moto. Akiwa yeye, kipande cha kwanza nitamkatia mimi. Nikiwa mimi, anajua kisu kilipo."